Jembe Nililotoa kwa Simu

Nimerudi Chamazi tangu mwezi uliopita, na kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile. Aliyeanza ni Mama Shufaa wa nyumba ya pili, hata begi sijalishusha. "Mwalimu wee, pichi zetu ziko wapi? Mie nilishawatangazia watu. Sie huku tunakula madawa tu, nikawaambia safari hii tunaletewa safi." Wanakwaya wenzangu nao wakauliza. Nimejibu "hazikuiva" mara nyingi mpaka nimejionea aibu. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na najua kwamba mtoto anayejibu neno moja tu ana kitu anaficha. Kwa hiyo nimekaa nimeandika, mara moja kwa wote, mpitishiane wenyewe. Habari za pasi na tiketi nimeziacha. Hazina utamu kwa msomaji, na kwangu pia hazikuwa na utamu.

Kwa asiyejua: mdogo wangu Zakaria ana shamba la pichi na plamsi kijijini kwetu, juu huko Njombe kwenye baridi. Zamani alilima viazi kama wenzake, bomba la dawa mgongoni kila wiki ya mvua. Mkewe, Tumaini, ndiye aliyekuwa akichanganya dawa kwenye ndoo, kwa mkono mtupu. Kifua chake kikaharibika. Daktari hakusema kwamba ni dawa. Tumaini alisema ni dawa, na aliyekuwa akikohoa ni yeye. Akamshikilia mumewe mpaka akaacha viazi, akapanda matunda ya kokwa, na wakakubaliana kuyalima bila tone la dawa ya dukani. Wataalamu wanakiita kilimo hai.

Shamba la namna hiyo halipewi cheti mpaka miaka mitatu ipite bila dawa kugusa hata jani. Ikigusa, hesabu inaanza upya. Mwaka huu ulikuwa wa tatu, na mkaguzi alikuwa anatarajiwa mvua zikipungua.

Wakati huo huo kikundi cha wakulima wa mkoa, ambacho Zakaria ndiye mwanachama pekee kutoka kitongoji chetu, kikapata nafasi ya watu wawili kwenda Nyanga, Zimbabwe, kujifunza kwa mama mmoja aliyelima pichi hivyo kwa muda mrefu. Nafasi zilikuwa za Zakaria na mkewe. Tumaini akanipigia simu. "Wifi, nenda wewe. Kiingereza unakijua, na Zakaria usipomsukuma hataki kuuliza maswali." Nikacheka, nikakubali kabla hajamaliza kukohoa.

Chamazi hadi Njombe

Basi liliondoka Mbezi asubuhi na mapema, likatembea vizuri mpaka mlima wa Kitonga. Hapo likachoka. Tukashuka wote, tukakaa kando ya barabara kwenye mawe huku malori yakipita yakikoroma. Jirani yangu wa kiti alikuwa kijana mmoja wa Mbagala, mfanyabiashara wa nguo aendaye Tunduma kila mwezi. Alinipa nusu ya muhindi wake wa kuchoma, na nilipomweleza ninakokwenda akanitazama kwa huruma.

"Yaani mama unatoka Dar mpaka Zimbabwe kwenda kuangalia miti?"

"Miti isiyopuliziwa dawa."

"Aa, basi hiyo ishu ni kubwa," akasema, lakini niliona hakuamini.

Makambako wauzaji walizunguka basi na ndoo za pichi. Nikamwuliza mama mmoja kama zimepuliziwa. Hakukasirika. Alichukua moja, akaipasua kwa kidole gumba, nyama yake safi kabisa. "Mama, isingepuliziwa ungekuta funza humu ndani. Nani angenunua?" Nilinunua tano, na nakiri zilikuwa tamu.

Nilifika kwa Zakaria siku ya pili mchana. Tumaini alikuwa barazani, kajifunga blanketi, na nilipomkumbatia nilishika mifupa. Hata hivyo alitaka anitembeze shambani. Kila baada ya miti mitatu minne alisimama, akashika tawi, akajifanya ananionyesha kitu ili apumzike. Na kweli vya kuona vilikuwepo. Kila tunda alikuwa amelivisha karatasi ya gazeti na kulifunga kwa kamba ya mgomba, moja moja, ili nzi wasitage mayai. Mwanamke asiyeweza kupanda ngazi tatu alikuwa amevisha nguo shamba zima.

"Wifi, mie nataka mwaka wa tatu uishe tu," aliniambia. "Uishe nione. Baada ya hapo hata nikilala sina neno."

"Usiseme hivyo."

"Nasema kwa sababu ni kweli."

Upande wa pili wa mfereji ni shamba la viazi la Baba Faraja, jirani yetu tangu enzi za marehemu baba, mzee kuliko mimi na mwenye sauti ya upole. Alikuja kunisalimia na bomba likiwa bado mgongoni. Nikampa shikamoo yake. Akamgeukia Zakaria, akamwambia kile alichomwambia kila msimu: "Mwanangu, kama shida ni dawa, yangu ipo. Njoo uchukue." Zakaria akajibu kama alivyojibu kila msimu: "Asante baba, tutaona Mungu akijalia."

Nilimwuliza baadaye kwa nini hamwelezi mzee wazi. Akashusha sauti. "Nitamwambiaje, dada? Kwamba dawa anayotumia yeye na watoto wake ndiyo iliyomuua kifua mke wangu? Ni kumtukana." Kwa hiyo kitongoji kizima kiliamini kwamba Zakaria hapulizii kwa sababu kila alichonacho kinakwenda kwenye matibabu, na kwa adabu hakuna aliyeligusa jambo hilo. Adabu ya pande zote mbili. Nami nikaona ni sawa.

Tunduma

Mpakani tulikaa nusu siku. Afisa wa upande wa pili hakuelewa safari yetu. Alitazama karatasi, akamtazama Zakaria, akaniuliza mimi kwa Kiingereza tunakwenda kununua nini. Nikasema hatununui. Tunakwenda kuuza nini? Hatuuzi. Basi tunakwenda kufanya nini? Kuangalia pichi. Akamwita mwenzake, naye akamwita wa tatu, na sisi tukaambiwa tukae kwenye benchi mpaka watakapojua sisi ni watu gani.

Tulikula chipsi mayai zilizopoa. Zakaria si mtu wa maneno. Alitoa simu, akampigia mkewe, akamwambia tumekwama kwa sababu ya kuwa wakweli. Nilisikia kicheko cha Tumaini mpaka nilipokaa, kisha kikohozi kikakifunika. Zakaria aliendelea kushika simu sikioni mpaka kikohozi kilipokwisha. Alasiri wakatugongea mihuri, nadhani kwa kuchoka kutuona.

Lusaka

Njia ya kaskazini mwa Zambia ni ndefu na misitu yake haibadiliki. Tulifika Lusaka tumevimba miguu, tukakuta basi la Harare limekwishaondoka na jingine ni kesho. Siku nzima tukawa hatuna kazi. Tukala nshima na dagaa, ambayo ni ugali na dagaa wa nyumbani ila unaagiza kwa jina jingine, na mpishi akafurahi kuona tunaosha mikono bila kuelekezwa.

Kwenye duka moja kubwa Zakaria aliona plamsi kutoka Afrika Kusini, zimepangwa kwenye visanduku, kila moja na kibandiko. Alizigeuza moja moja akitafuta doa. Mlinzi akaja kusimama karibu yetu. "Dada, hata moja haina alama," akaninong'oneza, kama mtu aliyeona jambo la aibu. Kisanduku cha pembeni kilikuwa kidogo, matunda yake yana mabaka na ukubwa tofauti, na kimeandikwa kwamba hayakupuliziwa. Bei yake ilikuwa juu kuliko ya yale mazuri. Hapo ndipo nilipomwona Zakaria akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Njombe. Alikipiga picha akamtumia Tumaini. Mlinzi akatuomba tutoke.

Nyanga

Kutoka Harare ni saa kadhaa za barabara inayopanda, na ghafla baridi ikawa kama ya kwetu: misonobari, ukungu, watu wamevaa makoti. Mwenyeji wetu aliitwa Mai Tendai, yaani Mama Tendai, mjane mnene mwenye mikono ya mtu aliyefanya kazi. Tulipoingia uani alipiga makofi taratibu akiwa ameinama kidogo. Zakaria akadhani tunaimbiwa, naye akaanza kupiga makofi kwa mahadhi. Ilikuwa salamu yao tu. Mai Tendai alicheka mpaka akajifuta machozi, na kuanzia hapo tukawa watu wa nyumbani.

Alitulisha sadza, ugali wao, na mboga za maboga zilizoungwa karanga, na pichi alizokausha mwaka uliotangulia. Shambani kwake kuku na kanga walizunguka chini ya miti kutwa nzima, wakichakura funza kabla hawajawa nzi. Alituonyesha namna anavyokata matawi ili upepo upite na ukungu usikae, namna anavyochoma matunda yaliyoanguka. Zakaria aliuliza maswali bila kusukumwa na mimi nikawa mkalimani, jasho likinitoka katika baridi ile.

Jioni ya kwanza, tukiota moto, Mai Tendai alitupa habari za wenzake. Alikuwa amepata kualikwa Afrika Kusini, akaona bonde zima la pichi ambalo wenye nalo wanaacha dawa shamba kwa shamba. Alipokea wageni kutoka nyanda za juu za Kenya waliokuwa wameanza na plamsi. Alikuwa na rafiki Mturuki wa kuandikiana naye, ambaye familia yake inaanika juani aprikoti, matunda madogo ya kokwa kama pichi, na haitii hata ile dawa ya kuzifanya zibaki na rangi, kwa hiyo zake zinakuwa nyeusi na watoto hawazitaki. Alisema kila mahali wanaongezeka, na kila mahali wanaanza wakiwa mmoja katikati ya wengi wanaowashangaa.

"Mdudu nimemzoea," alisema. "Jirani ndiye anayeninyima usingizi."

Yeye mwenyewe aliwahi kupoteza miaka yake yote kwa sababu jirani alipulizia siku ya upepo. Alianza tena tangu mwanzo, na katikati ya kuanza huko mumewe akafa. Zakaria aliniomba nimuulize alimfanya nini yule jirani. Mai Tendai alichochea moto kwanza. "Nilimweleza vizuri kile nilichopaswa kumweleza zamani," akasema. Nilitafsiri neno kwa neno.

Asubuhi ya tatu tulikuwa kwenye miti ya plamsi, umande bado haujakauka, simu ya Zakaria ikalia. Akasikiliza. Alinyoosha mkono akanipa simu, akaenda kushika mti.

Alikuwa ni Baba Faraja. Tumaini amefariki alfajiri. Alikuwa amekaa kitini.

Mjue kwetu kuna utaratibu. Nyumba iliyofiwa haigusi udongo mpaka matanga yaanuliwe, na majirani ndio wanaoshika kazi zote za shamba. Lakini hawaingii tu. Lazima waombe jembe, na mkubwa wa familia alitoe kwa maneno yake. Wakishapewa, wanalitunza shamba lile kuliko wanavyotunza ya kwao, kwa kuwa ndiyo heshima yao ya mwisho kwa marehemu.

"Mwalimu," Baba Faraja alisema, "tunaomba jembe."

Mkubwa ni mimi. Nililia, nikasema inavyosemwa: "Jembe tunawapa, baba. Shamba liko mikononi mwenu." Alinishukuru. Kisha simu ikakatika.

Sikusema neno lolote kuhusu dawa. Halikunijia kabisa. Nimeishi Dar muda mrefu mno, na niliposema shamba kichwani kwangu niliona majembe na magugu. Sikukumbuka kwamba kwao, msimu wa mvua, kutunza shamba ni bomba mgongoni.

Njia ya kurudi

Mai Tendai alitufungia mikate na kumpa Zakaria kokwa za pichi zake bora kwenye kitambaa. Alimshika mikono yote miwili kwa muda mrefu.

Tulikuwa tumeshaupita mji wa Rusape, Zakaria kaegemeza paji la uso kwenye kioo, ndipo akazungumza.

"Dada, waliomba jembe?"

"Waliomba."

"Umewaambia habari ya dawa? Wasipulizie?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilimtazama. Alikuwa amekwisha kabisa, macho yamezama. Nikajisemea, huyu nikimwongezea jambo hata dogo atavunjika. Nikajisemea, tukifika Harare nitapiga simu na hatajua.

"Nimewaambia," nikasema.

Akafumba macho. "Asante, dada."

Harare nilipiga simu nikiwa msalani. Baba Faraja hakupatikana. Nikapiga tena, hivyo hivyo. Baada ya hapo Zakaria hakuniacha hata dakika moja, alinifuata kama alivyonifuata alipokuwa mdogo, na kila nilipoigusa simu aliuliza, "Ni nyumbani? Wanasemaje?" Nisingeweza kupiga mbele yake bila kujifichua. Ningeweza kuandika ujumbe. Nimejiuliza sana juu ya ujumbe huo. Ukweli ni kwamba nilianza kujidanganya: watu wako msibani, wanachimba kaburi, wanapika, nani atakumbuka kupulizia?

Chirundu, mpakani mwa Zimbabwe na Zambia, foleni ya malori ilikuwa haina mwisho na joto lilikuwa la kuchemsha. Msibani kwetu wanatungoja, maiti iko hospitali, na sisi tumeketi kivulini siku nzima kwa sababu mtandao wa mpakani umekufa. Afisa alipekua mfuko wa Zakaria, akakuta kokwa. Mbegu haziruhusiwi bila kibali, akasema, na kwa haki alikuwa sahihi. Akazimimina kwenye pipa. Nilitaka nimweleze, nimwombe. Zakaria alinivuta mkono. "Acha, dada," akasema, akakunja kitambaa kitupu akakitia mfukoni.

Lusaka hatukushuka hata kula. Tunduma maafisa walikuwa wale wale, na mmoja akatukumbuka. "Mmeziona pichi?" akauliza akicheka. Nikamwambia tunakwenda kuzika. Alisimama akatugongea mihuri yeye mwenyewe, haraka, bila kututazama usoni.

Kijijini

Tulifika Jumamosi mchana, tukazika Jumapili. Kaburi lilichimbwa kando ya shamba, pale alipopataka mwenyewe. Kwaya iliimba, mchungaji akahubiri, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya Zakaria, mbele yangu mstari wa kwanza wa miti.

Majani yalikuwa na vumbi la manjano. Lilikuwa limekaukia kwenye mishipa ya jani, likashuka kwa matone mpaka kwenye zile karatasi za magazeti alizozifunga Tumaini. Ile dawa ya viazi. Nilitazama mti wa pili na wa tatu. Shamba zima. Na chini ya miti palikuwa safi, hapana gugu hata moja, mitaro imezibuliwa, matawi yaliyovunjika yamefungwa vijiti. Sijaona shamba lililotunzwa kwa upendo namna ile.

Zakaria aliona pia. Nilijua kwa jinsi shingo yake ilivyokakamaa. Alitupa udongo kaburini kama wengine, akarudi akasimama mahali pake.

Jioni hiyo aliniita nyuma ya jiko. "Waliambiwa," alisema. "Uliwaambia, na bado wakapulizia. Hata siku tatu hawakuweza kumheshimu mke wangu."

Ilikuwa nafasi yangu. Nilifungua kinywa. Nikasema, "Labda hawakuelewa."

"Walielewa," akasema.

Tangu siku hiyo Zakaria hakumsalimia Baba Faraja. Kwetu, mliokulia mjini huenda hamjui uzito wake, hilo ni jambo kubwa kuliko ngumi. Mzee alikuja kila asubuhi kuuliza hali, akasimama nje ya uzio na kofia mkononi, na Zakaria akampita kama anapita mti. Mkewe alileta uji. Ukarudishwa. Nilimwona mzee akitafuta kosa lake kichwani na halioni. Siku moja aliniuliza, "Mwalimu, tumekosea wapi? Kama ni kaburi tulichimba pabaya, atuambie." Nikamwambia Zakaria ana uchungu tu, utapita. Nilisema hivyo nikimtazama usoni. Nilikula, nililala, niliimba kwenye ibada ya matanga, na neno lile moja nikalibana.

Mkaguzi

Matanga yalianuliwa Jumatano, mkaguzi akaja Ijumaa. Dada mmoja mpole, kofia ya mvua, kalamu shingoni kwa kamba. Zakaria hakungoja kuulizwa. Alimpeleka moja kwa moja kwenye miti, akamwonyesha majani.

"Tulikuwa safarini, tukafiwa," alisema. "Majirani waliachiwa shamba. Waliambiwa wasipulizie, wakapulizia."

Mkaguzi alisikitika kweli, lakini alihitaji kujua ni dawa gani na mara ngapi, na alisikie kutoka kwa aliyepulizia mwenyewe. Akaomba aitwe. Baba Faraja akaja amevaa koti lake la kanisani, nadhani alifikiri ameitwa kupatanishwa.

"Ni dawa ya viazi," alijibu. "Tulipulizia mara mbili. Ya kwanza ilioshwa na mvua, tukaona tusimwachie marehemu kazi nusu. Kila nyumba ilitoa kidogo kwenye akiba yake. Majani yalikuwa yameanza kujikunja, na tulijua muda mrefu Zakaria hana uwezo wa dawa."

"Mzee," mkaguzi akauliza taratibu, "mliambiwa msipulizie?"

Baba Faraja akamtazama Zakaria, ambaye alikuwa ametazama chini. Kisha akanitazama mimi. Alikumbuka vizuri kabisa maneno ya simu ile. Nililiona hilo machoni pake. Akaona pia, mbele yangu, kile nilichokuwa nimefanya, na kwa nini alikuwa hasalimiwi.

Akavua kofia. "Pengine tuliambiwa," akasema. "Msiba ulikuwa na watu wengi, na mimi nimezeeka. Pengine nilisahau. Kosa ni langu. Zakaria, mwanangu, nisamehe."

Na yule mzee akaanza kupiga magoti kwenye tope, mbele ya mdogo wangu.

Nikamshika mkono kabla goti halijagusa chini. "Hakuambiwa," nikasema. "Aliyeongea naye ni mimi na sikumwambia. Na wewe Zakaria nilikudanganya kwenye basi."

Mkaguzi alifunga karatasi zake, akasema kwa upole kwamba atalazimika kuandika mwaka wa kwanza, akatembea mpaka kwenye gari lake. Zakaria alimwendea Baba Faraja, akamsalimia. Shikamoo, kwa mikono miwili, ameinama mpaka chini, na wakabaki hivyo wameshikana huku mzee akilia na kumwambia, "Marahaba, mwanangu, marahaba." Kisha wakaondoka pamoja kuelekea upande wa mfereji, Zakaria akiongea. Alikuwa anamweleza habari ya dawa na kifua cha Tumaini, yale yote aliyomficha kwa adabu. Nilimsikia mzee akiuliza, "Hii hii ninayotumia mimi?"

Nilibaki peke yangu kwenye miti. Nilianza kufungua karatasi moja, ile yenye manjano mengi, ndani yake pichi ilikuwa nzima na imeiva. Sikujua niifanye nini. Niliifunga tena.

Zakaria aliporudi, aliniletea kiti, akaniwekea maji ya kunawa, akanipakulia chakula kama mgeni. Nilimwita jina lake la utotoni. Alingoja nimeze tonge.

"Dada," akasema, "basi lako la Dar linaondoka saa ngapi?"